Kaseti za Jabali

Mpwa wangu alinisikia naimba "Zuwena" huku nikinyoa ndevu, akacheka. "Mjomba, kumbe na wewe unamkubali Diamond?" Ni kweli Diamond Platnumz ana wimbo wenye jina hilo, umetoka 2023. Zuwena wangu mimi ni wa Marijani Rajabu na Dar International, na watu walishamchezea mpaka visigino vikaisha kabla mama yake kijana huyu hajaanza shule. Nikamjibu kwa kujitapa kwamba nimewahi kununua kaseti kwa Marijani mwenyewe, mkono kwa mkono.

"Mkaongea nini?"

Sikuwa na jibu.

Ilikuwa Kariakoo, 1992 au 1993. Radio One ilikuwa haijaanza, kwa hiyo ni kabla ya 1994, tuishie hapo. Marijani, Jabali la Muziki, alikuwa na kijiduka, anauza kaseti za nyimbo zake. Wasiojua wataona kioja. Bendi zilirekodi Radio Tanzania kwa malipo kiduchu, redio ikapiga, nchi ikacheza. Nyimbo ukizitaka nyumbani, ulikwenda duka la kurekodi.

La mtaani kwetu lilinuka spiriti kuanzia mlangoni. Mwenyewe alikuwa akisafisha hedi za deki kwa pamba kila baada ya kaseti chache, taratibu kama anayemsafisha mtoto kidonda. Unampa orodha yako, unarudi magharibi. Majina ya nyimbo anayaandika kwa biki, herufi zimelala, na wimbo wa mwisho lazima ukatike katikati, kwa sababu hakupenda kuacha utepe mtupu. Tulimlipa bila kinyongo. Mwimbaji hakuwamo kabisa katika hesabu hiyo, na hakuna aliyeuliza.

Basi nikasimama mbele ya Marijani. Shikamoo kaka, kaseti shilingi ngapi, nikapewa, nikapokea chenji. Nilikuwa na maswali tangu utotoni: huyo Mwanameka wa wimbo wake alikuwa mtu kweli au alimtunga? Bendi yake ya zamani, Safari Trippers, ilivunjikaje? Hadithi ndefu vile ya Mwanameka aliianzia wapi, kwenye gitaa au kwenye maneno? Lakini watu walikuwa wanapita na mizigo yao, hakuna anayegeuza shingo, nami nikaona haya kuwa peke yangu ninayemshangaa mtu ambaye mtaa mzima umemzoea. Nikasema nitarudi siku kukiwa kumetulia. Kariakoo itulie!

Alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40.

Zikaja CD, zikaja flashi, sasa simu. Kariakoo nyumba za baraza zimebomolewa, ghorofa zimejaa vifuniko vya simu, na vijana wanasikiliza nusu dakika ya wimbo kisha wanarukia mwingine. Mpwa wangu nilimkalisha akasikiliza "Mwanameka" mpaka mwisho. Aliuliza nani alipiga gitaa. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na kizazi chake, nami ndiyo hivyo tena.

Wapo waliopiga na Marijani jukwaani ambao bado wako hai, wengine mnapanga nao nyumba moja. Mwenye kinasa sauti kwenye simu yake, na kila mtu anacho, aende leo jioni akawaulize. Na mwenye kaseti za zama zile asizitupe.