Tulipochagua Jiko la Moshi

Kuna vitu ambavyo tumezoea kuwaachia waume zetu wavichague peke yao: gari, pampu ya maji, na mashine yoyote yenye chuma na moto. Sisi huonyeshwa kitu kikiwa kimeshafika uani, tukaambiwa tushukuru. Lakini anayekiosha ni mama, anayekipikia mara nyingi ni mama, na kikiharibika, anayeulizwa na watoto habari za ada ni mama huyo huyo. Ndiyo maana napenda kuwasimulia jinsi mimi na mume wangu tulivyochukua majuma sita kuchagua jiko la nyama.

Sisi ni Watanzania tunaoishi Texas, Marekani. Jiko ninalolisema si hili letu la mkaa. Ni pipa kubwa la chuma lililolazwa juu ya tela, ambalo huvutwa na gari mpaka kwenye harusi au mkutano wa kanisa. Ubavuni lina chumba cha kuni. Nyama haikai juu ya moto. Joto na moshi huipitia taratibu, kisha hutokea kwenye dohani. Aliyewahi kuona samaki wakibanikwa kwa moshi kando ya ziwa ataelewa upesi. Kidari cha ng'ombe, ambacho ni kigumu sana, hukaa humo saa 10 hadi 16, kwa joto la nyuzi 107 hadi 135 za Selsiasi, mpaka kilainike. Kinapotoka kimepungua theluthi moja ya uzito wake au zaidi, na asiyeliweka jambo hilo katika bei yake atafanya biashara ya hasara.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Aliondoka kwa majuma mawili, mara nyingine matatu. Kitinda mimba wetu alifika mahali pa kumwamkia baba yake kwa haya, kama mtoto anavyomwamkia mgeni. Tuliweka akiba kwa miaka 4 ili baba apate kazi ya kumlaza nyumbani, na kazi aliyoiweza ni kupika nyama. Akiba ilikuwa hiyo moja tu. Kama tungenunua vibaya angerudi barabarani, na safari hii akiwa na deni.

Fundi wa kuchomelea alitupa karatasi mbili zilizojaa vitu vya kuongeza juu ya jiko lenyewe, kila kimoja na bei yake. Mume wangu alianza kutia alama kwa furaha. Nikamwambia, "Baba Neema, hebu tuhesabu kila kitu kwa siku zako za barabarani." Tukachukua mshahara wake wa siku, tukagawa. Taa za rangi zilikuwa siku 9. Redio na spika zake siku 11. Dohani mbili zilizopindwa kama pembe za ng'ombe siku 8. Akaweka kalamu chini, akacheka kidogo, kisha tukaanza upya.

Tulianza na tumbo la jiko. Mafundi wengi wa huko hutumia matangi ya gesi ya galoni 250, 500 au 1,000. Mume wangu alitaka lile la 1,000. Nikamwomba ataje sherehe zote za jamaa zetu za mwaka uliopita, nami nikaandika idadi ya watu. Nyingi zilikuwa za watu 100 hadi 150. Jiko kubwa kuliko kazi yake hula kuni nyingi hata siku ya nyama kidogo, basi tukachukua la galoni 500. Unene wa chuma hatukuupunguza. Tulitaka milimita 6, kwa sababu chuma chembamba hupoteza joto upesi upepo unapovuma, na mpishi hukesha akilisha moto. Chumba cha kuni tulikilipia kuta mbili zenye kizuizi cha joto katikati. Kilikuwa na bei, lakini kila saa ya usiku kinaokoa kuni.

Tangi kuukuu lina maswali yake. Uliza lilibeba nini zamani, na ni nani aliyelisafisha. Mabaki ya gesi yanaweza kulipuka fundi anapokata. Tena usikubali mabati wala chuma chochote kilichopakwa zinki karibu na moto, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Baada ya tumbo tukatazama barabara. Jiko likiwa na kuni, maji na vyombo ni zito kuliko gari dogo. Sheria ya Texas hudai breki kwenye tela yenye uzito wa jumla unaozidi pauni 4,500, yaani kilo 2,040 hivi. Tukachagua ekseli mbili, breki za umeme, minyororo ya usalama na tairi la akiba. Katika mchoro wa kwanza sanduku la kuni lilikuwa nyuma, kwa sababu hapo lilipendeza. Mume wangu, ambaye barabara anaijua, alikataa. Kati ya sehemu 10 na 15 za kila mia ya uzito zinapaswa kuelemea mbele, pale tela inapofungwa kwenye gari. Zikipungua, tela huyumba mwendo unapokuwa mkali. Sanduku likahamishiwa mbele. Katika hilo mimi nilinyamaza na kusikiliza, kwa maana kila mtu ana elimu yake.

Kisha ikafika zamu yangu. Mlango wa jiko kama hilo ni mzito kweli. Niliomba uwekewe uzito wa kusawazisha upande wa nyuma, ili hata mwanamke aufungue kwa mkono mmoja. Niliomba nyavu za chuma zinazovutika nje kama mtoto wa meza, nisiinamie joto kuifikia nyama ya nyuma. Niliomba sakafu iliyoinama kidogo na koki ya kutolea mafuta, kwa sababu mafuta yakituama humo huweza kushika moto. Na niliomba sinki lenye tangi la maji.

"Mama Neema, sinki la nini? Tutabeba ndoo," akasema.

Nikamwuliza, "Mikono iliyoshika nyama mbichi saa nane za usiku itaoshewa wapi kabla haijakata mkate wa watoto wa watu?"

Hakujibu, bali alitia alama. Chakula cha moto kinatakiwa kisishuke chini ya nyuzi 60, na cha baridi kisipande juu ya nyuzi 4. Katikati ya hapo vijidudu huongezeka. Chakula kisiachwe nje zaidi ya saa 2, na siku ya joto la kuzidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Harusi moja ikiugua matumbo, biashara yote imezikwa. Kwa hiyo tukanunua na vipimajoto viwili vizuri, vya kuwekwa usawa wa nyama, maana joto la juu ya pipa si joto la pale nyama ilipo.

Wako rafiki zake waliosema kuwa moto wa namna hii si kazi ya wanawake. Niliwajibu kwa upole kwa habari za huko huko Texas. Bibi Tootsie Tomanetz alianza kuchoma nyama mwaka 1966, na mwaka 2008 gazeti la Texas Monthly liliutaja mkahawa alipokuwa akipika, Snow's BBQ wa Lexington, kuwa wa kwanza katika jimbo lote. Katika mji wa Huntsville, Annie Mae Ward alimpikia mumewe nyama ya moshi alipokuwa akipaka rangi kanisa la New Zion Missionary Baptist. Wapita njia walinusa, wakaomba kununua, na kutoka moto huo kanisa likapata kazi ya kulisaidia kwa miaka mingi.

Jambo moja lilibaki. Mume wangu alitaka jina la ukoo wetu likatwe kwa chuma na kuchomelewa mlangoni. Halikupika nyama wala halikuzuia ajali, na lilikuwa siku 3 za barabarani. Nilitaka kulikata. Lakini nikafikiri: mtu huyu ameendesha miaka yote lori lenye jina la mtu mwingine. Nikatia alama mwenyewe.

Huu ni mwaka wa pili. Miezi mingine wateja ni haba, na mume wangu bado huendesha lori siku mbili kwa juma, ila ni la hapa mjini, na jioni yuko mezani. Kitinda mimba sasa humsumbua kwa maswali kama watoto wote wanavyowasumbua baba zao. Mlango wa jiko naufungua kwa mkono mmoja.

Mama mpendwa, yawezekana kwako si jiko bali ni oveni ya mikate, cherehani au mashine ya kusaga. Bwana Yesu alitufundisha katika Luka 14:28 kwamba mjenzi wa mnara huketi kwanza ahesabu gharama, na mwanamke wa Mithali 31:16 huliangalia shamba kabla ya kulinunua. Ketini basi wote wawili na karatasi moja. Ulizaneni ni nani atakayekitumia, ni nani atakayekiosha, na kitawaletea hatari gani. Lipieni hayo kwanza. Kisha, kama kimebaki kidogo, mtazame mwenzako usoni uone ni kitu gani kingempa moyo.