Darasa la Mabano Ndani ya Hiace ya Sombetini

Mwenzenu nimepata shule ambayo ada yake ni nauli. Darasa linaanzia Sombetini, linapita Mbauda na Esso, kengele inagongwa Mnara wa Saa. Halina mwalimu wala ubao. Konda ndiye anayepanga wanafunzi: "Sogea kaka, siti ya watu wanne hiyo!"

Kwa wasioijua Sombetini, ni mitaa ya wachapakazi wa jiji la Arusha. Asubuhi Mlima Meru unauona upande wa kaskazini, mita zaidi ya 4,500, umesimama kama askari wa zamu. Jua likipanda, mara nyingi unajifunika shuka la mawingu. Huku chini ni vumbi, bodaboda, chapati, na nyumba zenye nondo zinazochungulia juu zikisubiri hela ya ghorofa. Nyumba hizo ndizo riziki yangu.

Niko ofisi moja ya kuchora ramani mjini. Mimi nimeishia kidato cha nne, mwenzangu katoka chuo. Yeye anamaliza ramani mbili, mimi bado nahangaika na madirisha ya ile ya kwanza. Siku moja bosi akaniita: "Dogo, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Kasi ikikushinda, tuagane kwa amani." Nyumbani nina wadogo zangu wawili, daftari zao ni juu yangu. Usiku ule sikulala.

Sasa sikia. AutoCAD, programu tunayochorea, ilitoka Marekani mwaka 1982. Mwaka 1986 ikawekewa lugha yake ndogo, AutoLISP, ili mchoraji aweze kuifundisha kazi zinazojirudia. Mama wa lugha hiyo ni LISP, aliyobuni John McCarthy mwaka 1958, kabla hata ya Uhuru wetu! Uzuri wake ni maandishi matupu. Unaweza kuanza na peni na daftari.

Safari yangu ni dakika 40 kwenda na 40 kurudi, pamoja na kusubiri gari lijae. Kwa siku sita ni saa nane kamili! Saa zote hizo nilikuwa nazimaliza kwenye simu, nacheka vichekesho.

Kanuni ya kwanza nilimwelewa konda. Yeye anaanza na amri: "Shusha! Wawili, Esso!" AutoLISP nayo inataka kazi itangulie, vitu vifuate. Sisi tunaandika 2 + 3, yenyewe inataka (+ 2 3). Na kila bano ulilofungua ulifunge. Basi jioni moja nikawa nahesabu mabano kwa vidole, mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya za Kilombero akanitazama.

"Mwanangu, unasali au unadaiwa?"

"Shikamoo mama. Nadaiwa mabano."

Gari zima likacheka.

Wiki ya tatu, mwenzangu alipokwenda kula, nikaingiza kazi yangu kwenye kompyuta. Nia ilikuwa nitaje upana wa dirisha, nionyeshe sehemu, yenyewe ikate ukuta na kuchora fremu. Wapi! Ikagoma. Bano moja nililisahau, nadhani pale suka alipofunga breki ghafla. Nikalitafuta njia nzima, nikalipata Mbauda, mstari wa 11.

Kesho yake madirisha 14 yakakaa ukutani kabla chai haijapoa. Nikaruka! Kutazama vizuri, moja limetazamana uso kwa uso na choo cha jirani. Hapo nikajua kompyuta haiifahamu Sombetini. Haijui viwanja vilivyobanana, wala vumbi linatokea upande gani. Hayo nimeyaona mimi, kupitia dirisha la Hiace. Nikalihamisha.

Bosi akaja, akainama, akahesabu kimya kimya. Nikasubiri sifa. Akauliza tu, "Na milango je?"

Mwisho wa mwezi umepita, bado nipo. Sasa hivi niko kwenye milango, na mlango una kazi kuliko dirisha maana lazima ujue unafungukia wapi. Kwa hiyo msomaji, ukimkuta kijana na daftari anahesabu vidole kwenye gari la Sombetini, tafadhali muachie siti ya dirishani.