Nani Aliyekufa kwa Chitambo?

Ninaandika riwaya juu ya njia ya misafara, basi itazame sentensi hii: "Mtumishi wa Livingstone aliyekufa kwa Chitambo mwaka 1873 alipita Tabora." Haya msomaji, nani aliyekufa? Historia yasema ni Livingstone. Akina Susi na Chuma ndio waliobeba maiti yake, wakapita hapa kwetu Unyanyembe kuelekea pwani. Lakini sentensi yaweza kumwua mtumishi, kisha ikampitisha Tabora marehemu! Ingekuwa "mzigo wa Livingstone uliopotea", ile u- ingetuokoa. Watu wawili wa ngeli moja, a- haichagui.

Sekondari tulichora matawi: S inazaa KN na KT, KN inazaa N na V. Kila kanuni inafanya kazi bila kumwuliza jirani. Ndiyo sarufi isiyotegemea muktadha, aliyoieleza Chomsky mwaka 1956. Sentensi moja ikipata michoro miwili, pana utata.

Mimi nilitamani mashine: uipe sarufi yoyote, ikujibu kama humo imo sentensi tata hata moja. Maswali mengine yanajibika. Je, sarufi hii inazaa sentensi yoyote? Tia alama alama zinazofikia maneno, kisha zinazotegemea hizo, mpaka zisipatikane mpya. Kwisha. Lakini utata, jamani! Mwaka 1962 David Cantor na Robert Floyd, kila mmoja katika makala yake, walithibitisha kwamba mashine hiyo haiwezi kuwepo. Si kwamba bado haijagunduliwa. Emil Post alikuwa na fumbo, 1946: kadi zina herufi juu na chini, je, zapangika, hata kwa kurudiwa, juu kusomeke sawa na chini? Halina njia ya jumla. Nalo lageuzwa kuwa sarufi ambayo ina utata pale tu kadi zinapopangika.

Unaweza kukagua sentensi moja moja, fupi kwanza. Utata ukiwepo, iko siku utaupata. Usipokuwepo, unangoja tu. Livingstone alingoja Kwihara tangu Machi hadi Agosti 1872, mpaka wakaja wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka Unguja. Wasingekuja, siku gani ingemwambia hawaji?

Ipo jamii ya sarufi yenye nafuu: neno linaongezwa upande mmoja tu, kama wapagazi katika mstari. Kwa hizo swali la utata linajibika. Lakini bibi yangu akisimulia, kisa ndani ya kisa, hatoshi humo, na riwaya yangu nataka isikike kama yeye.