Mcheza Kwao Hutuzwa

Katika methali za Kiswahili zimo zinazosemwa mara nyingi hata maana yake haiulizwi tena. Moja katika hizo ni hii: Mcheza kwao hutuzwa. Asili yake ni uwanja wa ngoma. Mchezaji huingia katikati, akaonyesha ustadi wake, na mtu katika watazamaji hutoka akamtuza, fedha mkononi au leso begani. Mwenye kutuza hatuzi miguu mitupu. Humtuza mtoto wa fulani, jirani ya fulani, kijana aliyemwona akikua. Mchezaji mgeni aweza kuwa mwepesi kuliko yeye, lakini tuzo yake huwa haba, kwani hapana amjuaye. Methali hii, basi, yasema juu ya watu wanaotazama kama isemavyo juu ya mtu anayecheza.

Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, nguvu ya kwao hutoka wapi, na mpaka wake ni upi? Maswali haya yaweza kupimwa katika mchezo wowote, lakini yafaa zaidi yapimwe katika mchezo ambao, kwa hali yake, haukupasa kujali nyumbani wala ugenini. Mchezo huo ni gofu.

Katika mpira wa miguu mwamuzi ni mwanadamu mwenye masikio, na kelele za maelfu ya watu zaweza kuupeleka mkono wake kwenye filimbi bila yeye kujua. Katika gofu hapana mwamuzi wa namna hiyo. Mpira umelala chini, wala hausukumwi na adui. Mchezaji husimama mbele yake na fimbo yake, watu wakanyamaza, naye akapiga. Shimo halina taifa. Lau kama mchezo ungalikuwa wa jicho na mkono tu, mtu angalicheza Nairobi kama achezavyo London. Walakini habari za mashindano ya timu zasema vingine.

Mashindano makubwa kupita yote ya namna hii ni ya Kombe la Ryder. Samuel Ryder alikuwa mfanyabiashara wa mbegu katika mji wa St Albans, Uingereza, aliyepata mali yake kwa kuuza mbegu katika pakiti za peni moja. Alitoa kombe la dhahabu lishindaniwe na wachezaji wa kulipwa wa Uingereza na Marekani. Mwaka 1927 Waingereza walivuka bahari ya Atlantiki kwa meli, wakacheza Worcester katika jimbo la Massachusetts, wakashindwa kwa pointi 9 na nusu kwa 2 na nusu. Mwaka 1929 Wamarekani walikwenda Leeds, wakashindwa 7 kwa 5. Mwaka 1931 Wamarekani walishinda kwao Ohio. Mwaka 1933 Waingereza wakashinda kwao Southport. Mwaka 1935 Wamarekani wakashinda kwao New Jersey. Mara tano za kwanza kombe lilichukuliwa na mwenye nyumba, kama kwamba methali yetu imeandikwa katika sheria za mchezo. Ililazimu kungoja hadi 1937 ndipo mgeni, naye ni Mmarekani, alipolishinda ugenini.

Baada ya hapo methali ililala usingizi mrefu. Kutoka 1935 hadi 1983 Wamarekani walishindwa mara moja tu, katika mwaka 1957 huko Lindrick, na mara moja walitoka sare. Walishinda kwao, na walishinda kwa wenzao. Nguvu zao zilikuwa nyingi mno hata nyumba ya mtu haikuweza kumkinga. Mwaka 1979 Uingereza na Ireland ziliunganishwa na nchi nyingine za Ulaya, na mizani ikaanza kusawazika. Ilipokwisha kuwa sawa, methali iliamka. Katika mashindano 9 yaliyofanywa kutoka 2006 hadi 2023, wenyeji walishinda mara 8. Hapa pana funzo la kwanza. Kwao ni jiwe dogo. Mizani iliyoelemea upande mmoja haihisi jiwe hilo, lakini mizani iliyo sawa huinama kwa sababu yake.

Jiwe hili limeundwa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni ardhi. Nahodha wa wenyeji ana haki ya kutaka uwanja utengenezwe apendavyo: njia za nyasi fupi ziwe pana au nyembamba, nyasi za kando ziachwe ndefu au zikatwe, na mahali pa shimo pawe pa kasi au pa taratibu. Mwaka 2018, karibu na Paris, Ulaya iliwakaribisha Wamarekani wenye mapigo marefu katika uwanja wa njia nyembamba na nyasi nzito kando yake. Kila mpira uliopotoka ulizama. Wachezaji wengi wa Ulaya waliujua uwanja ule kwa miaka mingi, kwani ndipo palipokuwa pakichezwa mashindano ya Ufaransa. Walishinda 17 na nusu kwa 10 na nusu. Kitu cha pili ni mwili: usingizi, chakula na saa zilizozoeleka. Cha tatu ni watu, na hicho ndicho kizito. Katika gofu ya kila juma mtazamaji humpigia makofi yeyote apigaye vizuri. Katika Kombe la Ryder hushangilia upande wake, na mpira wa mgeni ukianguka majini hufurahi.

Walakini lipo shindano jingine linalotuzuia tusiridhike upesi na hesabu hii. Kombe la Marais lilianza 1994 baina ya Marekani na wachezaji wa dunia iliyobaki, Ulaya ikitolewa. Katika mashindano 15 hadi mwaka 2024, hao wa dunia wameshinda mara moja tu, huko Melbourne mwaka 1998, na kutoka sare mara moja, huko Afrika ya Kusini mwaka 2003. Wamekuwa wenyeji mara nyingi, na mara nyingi wamepigwa katika nyumba iliyoitwa yao. Sehemu ya sababu ni uzito wa Marekani. Sehemu nyingine ni kwamba nyumba ile haikuwa yao wote. Mtu wa Australia akicheza Korea huhesabiwa kuwa mwenyeji, lakini kwa kweli yu ugenini kama Mmarekani. Hapana wimbo mmoja anaoimbiwa, wala bendera moja ya watu wake. Nyumba ya mmoja ilikuwa safari kwa wenzake.

Hapo msomaji aweza kusema: Ulaya nayo haina lugha moja wala bendera ya kale. Ni kweli, na ndiyo sababu habari yake ina faida. Wahispania, Waingereza, Wajerumani, Waswidi na Waairishi hawakuzaliwa timu, walijifanya timu. Mkubwa wao katika kazi hiyo alikuwa Severiano Ballesteros wa Hispania, ambaye watu wa Nairobi walimwona akishinda Mashindano ya Wazi ya Kenya mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya Ulaya kuungana. Pamoja na kijana wa nchi yake, José María Olazábal, alicheza michezo 15 ya wawili katika kombe hili. Walishinda 11, wakatoka sare 2, wakashindwa 2 tu. Kwa mfano wa kinyume, mwaka 2004 nahodha wa Marekani aliwaweka pamoja Tiger Woods na Phil Mickelson, wachezaji wawili waliokuwa na sifa kuliko wenzao wote wa Marekani. Walicheza mara mbili siku ya kwanza, wakashindwa mara zote mbili, tena katika ardhi ya nchi yao. Kila mmoja alikuja na ustadi wake, lakini hapana aliyekuja na mwenziwe. Mikono miwili ya kulia haipigi makofi vizuri.

Ipo hesabu moja inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1999, huko Brookline, Marekani iliingia siku ya mwisho nyuma kwa pointi 6 kwa 10, ikashinda siku ile 8 na nusu kwa 3 na nusu. Mwaka 2012, huko Medinah, Ulaya iliingia siku ya mwisho nyuma kwa pointi 6 kwa 10, ikashinda siku ile 8 na nusu kwa 3 na nusu. Hesabu ni ile ile, lakini wa kwanza walikuwa kwao, na wa pili walikuwa ugenini. Nahodha wa hao wa pili alikuwa Olazábal. Ballesteros alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wachezaji walivaa mfano wa umbo lake katika nguo zao. Walizungukwa na maelfu wasiowajua, lakini kila mmoja alijulikana na wenziwe 11. Ikiwa kwao ni pale mtu anapojulikana, basi walikuwa wameichukua nyumba yao wakasafiri nayo.

Hayo yalionekana tena mwaka 2025 katika uwanja wa Bethpage, New York. Katika wachezaji 12 wa Ulaya walioshinda Roma mwaka 2023, 11 walirudi. Na wa kumi na mbili, aliyeingia badala ya mwenziwe, alikuwa ndugu pacha wa yule aliyetoka. Kwa mara ya kwanza wachezaji wa Marekani walipewa dola 500,000 kila mmoja, na katika hizo 300,000 ni za sadaka. Wale wa Ulaya hawakulipwa kitu, wala hawakutaka. Si aibu mtu kulipwa kwa kazi yake, na fedha peke yake haikupiga mpira hata mmoja. Lakini siku mbili za kwanza, ambazo ni siku za kucheza wawili wawili, Ulaya ilikusanya 11 na nusu kwa 4 na nusu. Siku ya tatu, kila mtu alipocheza peke yake, Wamarekani walishinda 8 na nusu kwa 3 na nusu. Kwa ustadi wa mtu mmoja mmoja hawakuwa wanyonge hata kidogo. Walichelewa tu, na jumla ikawa 15 kwa 13.

Pale Bethpage palitokea na jambo jingine, nalo ndilo linalogusa kiini cha methali. Sehemu ya watazamaji iliacha kuwatuza watu wake ikageukia kuwatukana wageni. Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini alitukanwa kwa maneno mazito alipokuwa akijiandaa kupiga, hata ikabidi askari waongezwe. Wageni walikuwa wamelitazamia hilo: kabla ya safari nahodha wao, Luke Donald, aliwapa miwani ya kielektroniki iliyowaonyesha umati na kuwasikizisha matusi, wazoee. McIlroy katika siku zile mbili za wawili wawili alishinda michezo 3 na kutoka sare mmoja. Mtu asiseme kwamba matusi daima humwadhibu mwenye kutukana, kwani si hivyo. Huko Brookline mwaka 1999 Colin Montgomerie alitukanwa vilevile, na mpira wa mbali wa Justin Leonard ulipoingia shimoni wenzake walikimbilia uwanjani kabla ya Olazábal kupiga pigo lake. Na bado Marekani ilishinda. Ubaya wa jambo hautegemei hasara yake. Mwenyeji anapomtusi mgeni huwa ameiharibu nyumba yake mwenyewe, hata kama kombe limebaki kabatini.

Na wala si lazima kuchagua baina ya ukarimu na ushindi. Mwaka 1947, vita vilipokuwa vimewaacha Waingereza maskini, tajiri mmoja wa Oregon, Robert Hudson, alilipa gharama za safari yao, akawapokea New York, akafuatana nao kwa gari moshi mpaka Portland. Huko wageni walishindwa 11 kwa 1. Hapana aliyeweza kusema kwamba ukarimu ulipunguza pointi hata moja.

Tena wako waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1969, huko Birkdale, Uingereza, mchezo wa mwisho wa siku ya mwisho ulikuwa baina ya Tony Jacklin, aliyekuwa kwao, na Jack Nicklaus wa Marekani. Jacklin alibakiwa na pigo la futi chache tu. Angalikosa, Marekani ingalishinda yote. Nicklaus aliiokota alama ya mpira wa mwenziwe akamkubalia pigo lile bila kulipiga, mashindano yakaisha sare, 16 kwa 16. Baadhi ya wenzake hawakupendezwa. Miaka 34 baadaye, Afrika ya Kusini, Nicklaus alikuwa nahodha wa Marekani dhidi ya timu ya Gary Player, mwenye nchi. Pointi zilikuwa sawa. Tiger Woods na Ernie Els walicheza mashimo matatu ya ziada mpaka giza likaingia, hakuna aliyeshinda. Manahodha wawili walishauriana, wakakubali kugawana kombe.

Methali, ikisomwa kwa uangalifu, haikusema kwamba mcheza kwao hushinda. Ilisema hutuzwa. Kushinda hutoka kwa mchezaji na wenziwe. Tuzo hutoka kwa watu. Watu walioko kwao wana haki ya kumtuza mtoto wao kwa sauti yote waliyo nayo, na sauti hiyo ni jiwe halali katika mizani. Lakini leso haipungui kwa kuwa mgeni naye alipigiwa makofi, na mgeni aliyecheza vizuri akaondoka bila makofi huenda na habari ya ngoma ile kila aendako. Nicklaus alipoiokota alama ya mpira wa Jacklin alikuwa mgeni anayemtuza mwenyeji kwao. Methali haikumtaja mtu wa namna hiyo, labda kwa sababu ni nadra. Lakini ngoma aliyopata kuicheza hukumbukwa zaidi ya ile aliyoishinda.