Shauku Kiasi Gani Inatosha?

Hapa kwetu, kuingia kusoma udaktari hakuhitaji maneno mengi. Ukimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, matokeo yako ya Fizikia, Kemia na Baiolojia ndiyo yanayokusemea. Unaomba chuoni kwa mtandao, TCU inahakiki, unasubiri majina yatoke. Iwe Bugando pale Mwanza au Muhimbili, kwa kawaida hakuna anayekuweka kitini akuulize kwa nini unataka kuwa daktari.

Kwa hiyo binti wa kaka yangu alipoitwa kwenye usaili wa video na chuo kimoja cha nje ya nchi, ukoo mzima tuliumiza vichwa. Mimi ni tabibu, nimezunguka vituo vya afya vya Kahama na Geita kwa miaka 18, basi kazi ya kumwandaa ikaniangukia. Maelekezo ya chuo yalisema mwombaji aonyeshe shauku yake. Binti akaniuliza, "Shangazi, sasa shauku kiasi gani?"

Si swali la kitoto hilo. Huku Usukumani msichana aliyelelewa hupiga goti kumsalimia mkubwa, "mwangaluka", macho chini, sauti ndogo. Ukiulizwa unajibu ulichoulizwa, kisha unanyamaza. Hebu hesabu maneno tuliyonayo ya kumsema mtu anayeonyesha kutaka kitu: kiherehere, kimbelembele, kiranga, uchu, kujipendekeza, na vijana wameongeza shobo. Ya kumsifu ni mangapi? Bidii, labda. Lakini bidii inaonekana shambani, haitangazwi.

Baba yake naye ni mchimbaji mdogo upande wa Geita, na ushauri wake ulikuwa mfupi: "Usiwaonyeshe kwamba unakitaka." Namwelewa. Kabla soko la dhahabu la Geita halijafunguliwa mwaka 2019, broka alikuja mpaka mwaloni, akaigeuza dhahabu yako kiganjani kama ameshika kokoto tu. Na wewe muuzaji, hata kama nyumbani hakuna unga, ulikaa kimya kama mtu mwenye ghala. Wa kwanza kung'aa macho ndiye aliyeumia. Siku hizi kuna mizani ya wazi na bei elekezi, lakini tabia haijahama.

Tulianza mazoezi mezani kwangu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mara ya kwanza alijibu kama yuko mbele ya polisi. Kwa nini udaktari? "Napenda." Unapenda nini? "Kusaidia watu." Kimya. Mara ya pili alikuwa ameshaangalia video za kutosha huko mtandaoni, akaja na tabasamu pana na sauti ya mtangazaji wa sabuni: "Nina shauku kubwa sana ya kuokoa maisha!" Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, mwanangu, wewe hujaokoa hata kuku.

Nikaacha maswali ya usaili. Nikamuuliza ni ugonjwa gani uliwahi kumnyima usingizi.

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza habari za mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyefanya kazi kwenye karasha kwa miaka mingi, akisaga mawe makavu, vumbi limetanda kama ukungu. Akapata kifua kikuu. Akameza dawa miezi 6, akamaliza, vipimo vikaonyesha vimelea havipo. Lakini akipanda kilima kidogo tu anahema. "Kama amepona, Shangazi, pumzi imekwenda wapi?" Alikuwa ametafuta na kusoma mwenyewe kwamba vumbi la mawe huacha makovu kwenye mapafu, kwamba makovu hayo hayafutiki, na kwamba mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ila kidole chake kilikuwa kinachora mapafu kwenye kitambaa cha plastiki cha meza, na chai yake ilishapoa.

Nikamwambia, hicho ndicho kiasi.

Wenzetu wanaotumia usaili wamelihangaikia jambo hili. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilibuni utaratibu wa kumpitisha mwombaji kwenye vituo vingi vifupi, kila kituo na msaili wake, dakika chache kwa kila kimoja. Sababu ni ya kawaida kabisa: msaili mmoja anaweza kupendezwa na tabasamu lako au kuchukizwa na ukimya wako, na huyo mmoja asiamue maisha yako. Lakini hata vituo viwe 10, bado utaulizwa kwa nini, na anayejibu lazima awe na kitu cha kusema.

Kaka yangu hakuridhika. Aliona tumemwaga siri ya nyumba kwa wageni. Binti ndiye aliyemjibu, kwa adabu, macho chini: "Baba, dhahabu ukionyesha unaitaka wanakupunja. Hawa wasipojua ninachotaka, wataninyima." Mzee akaguna, akaomba chai nyingine.

Usaili umepita, majibu bado. Ameomba na vyuo vya hapa, ambako alama zake zitasema zenyewe. Lakini sioni kama tulipoteza muda. Mgonjwa anayetoka machimboni akikaa mbele yangu, kabla sijagusa chochote ameshausoma uso wangu. Nikiwa baridi, ananificha nusu ya habari. Nikimshtukia kwa huruma nyingi, anadhani anakufa kesho. Anachotafuta ni mtu anayetaka kweli kujua pumzi yake imekwenda wapi, na atakayeketi amsikilize hadi mwisho.