Mapenzi kwa Mchezo Mkongwe

Morrowind, mchezo wa tatu katika mfululizo wa Elder Scrolls, ulitolewa Marekani mwaka 2002. Kwa umri wa michezo ya kompyuta, huo ni uzee. Sura za watu wake ni kama zilizochongwa kwa shoka, na upanga hupita kifuani mwa adui bila ya kumdhuru kwa kuwa bahati imekataa tu. Walakini wako wanaoupenda kuliko wadogo zake wote walio wazuri.

Mchezaji ni mfungwa ashushwaye melini katika kijiji cha Seyda Neen, akapewa kifurushi cha kupeleka Balmora. Njia huwauliza wenyeji, nao humjibu kwa maneno: vuka daraja, fuata mto, pinda penye mawe. Asomaye kwa pupa hupotea. Na mara nyingine msomaji makini naye hupotea, maana mwelekezaji mwenyewe amekosea! Oblivion, wa mwaka 2006, ulileta dira yenye alama ya mwisho wa safari. Ni hisani kubwa kwa mwenye haraka, lakini miguu huvuka nchi na macho hayatoki katika dira. Mpenzi wa Morrowind huijua njia kwa moyo, na bado huuliza.

Mchezo huo humheshimu mgeni hata kwa kumwachia hatari. Karibu na Seyda Neen mchawi huanguka kutoka angani akafa, na katika maiti yake zimo hati za kuruka. Azisomaye huvuka mabonde na vilima kwa mruko mmoja. Hati za kuruka ni tatu. Ya kutua haimo.