Siku ya Bustani na Makumbusho

Familia nyingi za mjini zikitaka kupumzika huelekea ufukweni, au kwenye maduka makubwa ambako kila hatua ina bei yake. Jumamosi iliyopita sisi tulichagua Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam na Makumbusho ya Taifa, majirani wawili wanaotembelewa kwa miguu pasipo haraka.

Bustani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 ili kujaribu mazao ya biashara. Waliofuata faida wameondoka. Kivuli kimebaki kwa wenyeji. Tulitandika mkeka, tukala vitumbua. Kisha tukawasimulia watoto habari za mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko ya mmea mwingine wowote duniani, na tunda lake huchukua takriban miaka 6 kukomaa. Tukawakumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu akipanda mti, chochote kitakacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka yake. Mdogo wao akauliza iwapo kunguru nao wanahesabiwa. Tukamjibu kuwa wanahesabiwa.

Baada ya sala ya adhuhuri tuliingia Makumbusho, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940. Katika maonyesho ya fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 na kukadiriwa kuwa la miaka milioni 1.75 iliyopita, binti yetu mkubwa alisimama kimya kwa muda. Ndipo akauliza kwa sauti ya chini: “Baba, huyu ni katika wana wa Nabii Adam?”

Wazazi wengi huliogopa swali hilo, na wapo wanaopita upesi ili lisiulizwe. Sisi tuliketi nalo. Tulimweleza kuwa mifupa ni ya kweli na imetoka katika ardhi yetu, kwamba wataalamu walio wengi hawamhesabu kiumbe huyo kuwa babu wa wanadamu wa leo, bali tawi lililokatika, na kwamba habari za Adam (A.S.) tumezipokea kwa wahyi, si kwa jembe. Tukaongeza kuwa Muislamu haogopi kutazama alivyoviumba Mola wake. Mtoto asipopata nafasi ya kuuliza kwetu, atauliza kwingine, nasi hatutakuwepo.

Zinj ni jina walilolitumia waandishi wa Kiarabu kwa pwani yetu, na jina hilo likatuongoza hadi kwenye mabaki ya Kilwa. Sarafu za masultani wake zilibeba jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yakipatana kwa vina. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa dini, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, chini ya sultani aliyesifika kwa ukarimu. Watoto walitambua kuwa Uislamu wa pwani hii una karne nyingi, na kwamba mababu zao walijenga, waliandika na walifanya biashara ya mbali.

Wazazi wenzetu, watengeeni watoto siku moja ya namna hii, na msiwaharakishe mbele ya wanachokitazama. Maswali watakayoyauliza ni amana mikononi mwetu. Allah atuwafikishe kuyajibu kwa elimu na upole.